"Jikaze" Si Dawa ya Jua Kali

Kuna neno moja ambalo halikosekani katika viwanja vya michezo vya shule zetu. Mwanafunzi aanzapo kulegea katika mzunguko wa mwisho, wenzake walioketi nyasini husimama na kumpigia kelele: "Jikaze!" Mwalimu naye hulikariri, na mzazi hulirudia nyumbani. Kisarufi ni neno la kupendeza. Mzizi wake ni ule ule tunaoupata katika kukaza kamba, kukaza mwendo na kukazana; kisha hutiwa kiambishi -ji- kinachomrejeshea mtenda tendo lake mwenyewe. Anayeambiwa "jikaze" huwa ameambiwa kwamba yeye ndiye kamba na yeye huyo huyo ndiye mkazaji. Msaada asiutarajie kutoka kwingine.

Sina ugomvi na neno hili kwa jumla. Bila ya kujikaza hakuna apitaye mtihani wala alimaye shamba. Hata hivyo, nadai kwamba yapo mazingira ambamo neno hili hugeuka kuwa sumu, nayo ni mazingira ya kundi la waendesha baiskeli lililo katika barabara ndefu huku jua limesimama utosini. Humo, anayemwambia mwenzake "jikaze" huenda anamsukuma kaburini pasipo kujua.

Msomaji asidhani kwamba nazungumzia mambo ya Ulaya yasiyotuhusu. Mwishoni mwa juma, mtu apitaye katika barabara za Kikuyu, Limuru au Ngong hukutana na safu za waendesha baiskeli waliofuatana gurudumu kwa gurudumu, vijana kwa wazee, wanaume kwa wanawake. Mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa katika bara la Afrika, na yamkini vijana wengi walioyatazama watatamani kufuata nyayo. Nami nawatakia heri. Lakini wengi wao watajifunza mchezo huu katika nchi yenye jua lisilo na huruma, hasa kati ya Januari na Machi, na ni wajibu wetu sisi walimu kuwatayarisha.

Tuchukue mfano wa barabara ya kutoka Nairobi kwenda Magadi, ambayo hupendwa sana na makundi ya baiskeli. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Magadi liko chini ya Bonde la Ufa, takribani mita 600. Asubuhi kundi huteremka kwa furaha, upepo ukiwapuliza usoni na ubaridi wa nyanda za juu ukiwa bado mwilini. Barabara hiyo huwadanganya waendao, kwa maana sehemu yake rahisi huja mapema na sehemu yake ngumu huja mwisho. Saa sita mchana, maji yakiwa yamepungua na miguu imechoka, ndipo kundi linapogeuka na kuanza kuupanda mlima ule ule, zaidi ya mita 1,000 za kupanda, katika joto ambalo mkaazi wa Nairobi hakulizoea.

Mchezo wa baiskeli umewahi kutoa funzo la wazi kuhusu hatari hii. Mnamo tarehe 13 Julai 1967, mashindano ya Tour de France yalipanda mlima uitwao Mont Ventoux, kusini mwa Ufaransa. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 1,900, na sehemu yake ya juu ni mawe meupe matupu, hakuna mti wala kivuli. Siku hiyo joto lilikuwa kali mno. Miongoni mwa washindani alikuwamo Mwingereza Tom Simpson, mwenye umri wa miaka 29, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1965. Alikuwa ameugua tumbo siku chache zilizotangulia. Kanuni za wakati ule ziliwabana waendeshaji katika kiasi cha maji walichoruhusiwa kupewa, hata ikawa desturi yao kuvamia mikahawa ya kando ya njia na kunyakua chochote cha kunywa. Uchunguzi wa maiti ulikuja kuonyesha kwamba mwilini mwake mlikuwamo pia pombe na dawa za kuchangamsha za aina ya amfetamini, ambazo humwondolea mtu hisia ya uchovu na kumfanya aivuke mipaka ya mwili wake.

Karibu na kilele Simpson alianza kuyumba kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Akaanguka. Fundi wa timu yake, Harry Hall, alitaka safari ikomee hapo, lakini Simpson akasisitiza kuendelea. Akapandishwa tena juu ya baiskeli, akasukumwa, akaenda mita mia kadhaa, akaanguka mara ya pili. Daktari wa mashindano, Pierre Dumas, alijitahidi kumwokoa bila mafanikio. Hadi leo kuna jiwe la kumbukumbu mahali pale, kama kilomita moja na nusu kabla ya kilele.

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo limenishughulisha mimi kama mwanaisimu. Kwa miaka mingi watu wamesimulia kwamba maneno ya mwisho ya Simpson yalikuwa ni ombi la kurejeshwa juu ya baiskeli yake. Maneno hayo yameenea duniani kote na yamewatia wengi hamasa. Lakini hakuyasema hivyo. Yaliandikwa na mwandishi wa habari ambaye hakuwapo mahali pale alipoangukia. Kwa ushahidi wa fundi Hall, maneno aliyoyatamka yalikuwa machache zaidi: alikuwa akisema tu kwamba aende, aende. Tofauti ni kubwa. Sentensi iliyotungwa na mwandishi inatuonyesha shujaa mwenye akili timamu anayechagua kufa kuliko kushindwa. Maneno ya kweli yanatuonyesha mtu ambaye pengine hakuwa tena na uwezo wa kuchagua. Ulimwengu ukapenda hadithi ya kwanza, kwa sababu hadithi hiyo ndiyo inayolihalalisha lile neno letu "jikaze".

Hebu tutazame kidogo mwili unavyofanya kazi, ili isionekane kwamba nasema kwa hisia tu. Katika kila sehemu nne za nguvu ambazo misuli huzitumia, takribani moja tu ndiyo izungushayo magurudumu. Tatu zilizosalia hugeuka kuwa joto. Mwendesha baiskeli anayetoa wati 200 kwenye miguu yake anazalisha ndani ya kiwiliwili chake kiasi cha wati 600 za joto, sawa na balbu sita kubwa za wati 100 zilizowashwa tumboni. Joto hilo sharti litoke. Katika uwanda, mwendo wa kilomita 30 kwa saa humletea upepo unaokausha jasho na kumpoza. Mlimani mwendo hushuka hadi kilomita 8 au 10, upepo hukoma, ilhali kazi ya misuli huongezeka. Na hewa yenyewe ikiwa na joto kupita ngozi, basi njia ya kupoa iliyosalia ni moja tu: kukauka kwa jasho. Unyevu wa hewa ukizidi, hata njia hiyo hufungwa.

Lugha yetu ililitambua hilo kabla ya vipimo vya kisasa. Mswahili ana joto, ana hari, na ana fukuto. Joto la Garissa ni kali lakini kavu. Fukuto la Mombasa katika majira ya kaskazi huenda likawa na nyuzi chache zaidi kwenye kipimo, lakini jasho hububujika lisikauke. Wataalamu wa leo wana kipimo kinachojumlisha mambo hayo: asilimia 70 ya hesabu hutokana na kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji, asilimia 20 na kile kilichomo ndani ya tufe jeusi juani, na asilimia 10 tu na joto la hewa la kawaida. Shirikisho la baiskeli duniani hutumia kipimo hicho katika kanuni zake za joto la kupindukia, na kwa mujibu wa kanuni hizo hatari kubwa huhesabiwa kuanzia 28. Wahenga wa pwani walikwisha kutuambia kwamba fukuto si joto.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yangu. Joto la ndani ya mwili likifika nyuzi 40 za Selsiasi na kupanda zaidi, mtu huanza kuchanganyikiwa, hukasirika ovyo, huyumba, hujibu visivyo. Ubongo, ambao ndio unaotakiwa kutoa hukumu ya kuendelea au kusimama, huwa wenyewe umo katika mgogoro. Basi yaelekea kwamba mtu anayehitaji zaidi kusimama ndiye asiyeweza kulijua hilo. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajikaze ni kumkabidhi usukani mtu aliyelala usingizi. Na kumwachia uamuzi kwa kisingizio cha kuheshimu hiari yake ni vivyo hivyo.

Jukumu, kwa hiyo, ni la kundi. Lakini kundi la baiskeli lina tabia zake zinazolipofusha. Anayefuata nyuma ya mwenzake hukingwa upepo, akaokoa nguvu nyingi. Anayeachwa hulazimika kupambana na upepo peke yake, na aghalabu haoni tena mgongo wa mtu hadi mwisho wa safari. Ndiyo maana kila mmoja huogopa kuachwa kuliko anavyoogopa jua. Tena kinga hiyo hiyo ya upepo humnyima hewa ya kumpoza. Na walio mbele, ambao ndio wanaoamua mwendo, macho yao yako mbele. Aliye hatarini yuko mkiani, mahali ambapo hapana atazamaye.

Wako watakaonijibu kwamba natia chumvi, na kwamba kustahimili ndiyo roho ya mchezo. Watanikumbusha babu zetu waliobeba magunia ya mahindi juu ya baiskeli za Black Mamba, au vijana wa Busia walioanzisha boda boda kwa kuwavusha wasafiri mpakani. Je, wale hawakuchomwa na jua? Walichomwa. Lakini tuwatazame vizuri. Walikuwa wenyeji wa jua hilo, na miili yao ililizoea. Kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake, akasimama penye mwembe alipotaka, akanywa maji, akasukuma baiskeli kwa miguu mlimani bila ya kuona aya. Hapakuwa na mtu mbele aliyemlazimisha mwendo, wala nyuma aliyemcheka. Wazee wetu walikuwa wavumilivu, ndiyo, lakini uvumilivu wao ulikuwa na mianya ya kupumua. Mwili huhitaji kiasi cha siku 10 hadi 14 kuzoea joto jipya. Mwanafunzi wa Nyandarua anayeletwa Kisumu Ijumaa na kutakiwa kushindana Jumamosi hana siku hizo, wala ushujaa wa babu yake haumpi.

Wengine watasema kwamba kundi likimsubiri kila mchovu, mashindano hayatakuwa mashindano. Nawajibu kwa kuwarudisha Ufaransa. Siku moja tu baada ya kifo cha Simpson, tarehe 14 Julai 1967, washindani wale wale walisimama kimya kwa heshima yake, kisha njiani wakakubaliana kumwachia mwenzake wa timu ya Uingereza, Barry Hoban, atangulie na kushinda hatua ya siku hiyo. Watu waliokuwa wakiwania ushindi kwa kila tone la jasho waliweza, bila ya amri ya mtu, kupunguza mwendo. Walijua namna ya kusubiriana. Ilichukua maiti ya mwenzao kuwakumbusha.

Wala sisemi kwamba Mont Ventoux haupandiki. Mnamo 2013, tarehe ile ile 14 Julai, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alishinda hatua iliyomalizikia kwenye kilele hicho, na baadaye akashinda Tour de France yenyewe, ya kwanza kati ya nne alizoshinda. Kijana huyo alifundishwa baiskeli katika vijia vya Kikuyu na David Kinjah, Mkenya aliyekusanya vijana wa mitaani kwake na kuwafunza kuendesha kama kundi. Kwa hiyo ukubwa katika mchezo huu hauko mbali nasi. Kinachotakiwa ni kwamba wanafunzi wetu wajifunze kuwa kundi kwa maana yake kamili.

Napendekeza tuanze na lugha yenyewe. Waendesha baiskeli wengi humgeukia mwenzao na kumwuliza, "Uko sawa?" Huku ni kujidanganya. Katika Kiswahili, maswali ya hali ni salamu, na salamu ina jibu lake lililopangwa tangu zamani. Mgonjwa aliyelazwa akiulizwa "Hujambo?" hujibu kwanza "Sijambo", ndipo aeleze kwamba hakulala usiku kucha. Hali kadhalika "Uko sawa?" huitikiwa "Niko sawa" na mtu ambaye ubongo wake unachemka, kwa sababu jibu hilo halihitaji kufikiri, ulimi hulitoa wenyewe. Badala yake, mwulize swali linalohitaji akili: tumepita kituo gani sasa hivi? Tumebakiza kilomita ngapi? Nani alitoboka gurudumu asubuhi? Akisitasita, akitaja visivyo, au akikasirika kwa kuulizwa, safari yake imekwisha kwa siku hiyo, hata akila kiapo.

Pili, kiongozi mzoefu kuliko wote akae nyuma. Mchungaji wa ng'ombe hatangulii mbele ya kundi akafurahia mandhari. Hutembea nyuma, amwone ndama anayechechemea. Sisi tumegeuza: mwenye nguvu hutangulia, na dhaifu huachiwa Mungu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuliondoe "jikaze" barabarani na mahali pake tuweke "tupumzike". Tazama viambishi. "Pumzika" humnyoshea kidole mtu mmoja, na mtu mmoja huona haya. "Tupumzike" hutujumuisha sote. Asemaye hajikiri mnyonge wala hamtangazi mwenzake kuwa mnyonge. Kundi likubaliane kabla ya kuondoka kwamba yeyote atakayelitamka neno hilo atatiiwa papo hapo, wala hataulizwa sababu, na kwamba watangulizi nao watakuwa wakilitamka mara kwa mara ili lisiwe neno la wa mwisho.

Mengine ni ya busara ya kawaida, nami nitayataja kwa ufupi. Safari ianze alfajiri na iishe kabla ya saa nne au saa tano asubuhi. Njia ichaguliwe kwa kuhesabu kivuli na maji, si kilomita peke yake, na mlima mkubwa usiachiwe saa ya mwisho. Maji yanywewe kwa kadiri ya kiu, yakiwa na chumvi kidogo au pamoja na chakula chenye chumvi katika safari ndefu, kwa maana hata kujishindilia maji matupu kupita kiasi kuna madhara yake. Mtu akianguka kwa joto akiwa amechanganyikiwa, apelekwe kivulini, apunguziwe nguo, amwagiwe maji mengi mwilini na kupepewa bila ya kukoma, au azamishwe katika maji baridi yakiwapo, huku msaada ukiitwa. Kupoza kutangulie, hospitali ifuate; dakika zinazopotea katika kutafuta gari ndizo zinazoua. Na asiyekuwa na fahamu asinyweshwe kitu.

Walimu wenzangu wa michezo, na hasa wenzangu wa Kiswahili, twaweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Wapeni wanafunzi kazi ya kukusanya maneno yote ambayo hutumiwa kumhimiza mchovu katika lugha zao za nyumbani, na pembeni yake maneno yanayotumiwa kumruhusu apumzike. Nakisia kwamba orodha ya kwanza itakuwa ndefu na ya pili itakuwa fupi. Wajadili ni kwa nini. Kisha waulizwe ni lini mara ya mwisho wao wenyewe walimwambia mwenzao "tupumzike" pahali ambapo wote walikuwa wakipiga kelele za "jikaze".

Nanyi wanafunzi mnaonunua baiskeli zenu za kwanza za barabarani, nawaomba mkumbuke kwamba wahenga waliposema mwenda pole hajikwai, hawakuwa wakimsifu mvivu. Walikuwa wamekwenda masafa marefu katika jua hili hili, pamoja na watoto na wazee wao, na walitaka wote wafike. Kundi likirejea Kiserian jioni, kiongozi asiulize nani alikuwa wa kwanza kabla ya kuhesabu watu. Walioondoka asubuhi wakiwa kumi na wawili, na wahesabiwe kumi na wawili.